Pudini ya chia na machungwa bila maziwa ya ng'ombe: ninavyoiandaa usiku kwa ajili ya asubuhi za kwenda Mtumba

Mleta uzi, Kisasa

Wanajukwaa, salamu. Ninaishi Kisasa, hapa Dodoma, na kazi yangu iko Mji wa Serikali, Mtumba, hivyo asubuhi nyingi hutoka nyumbani kabla jua halijapanda, na kwa muda mrefu kifungua kinywa changu kilikuwa chapati mbili na chai ya rangi vya kununua njiani. Mume wangu naye alishauriwa na daktari apumzike maziwa, kwa kuwa kila anapoyanywa tumbo hujaa gesi na kumsokota hadi mchana. Kwa karibu mwaka mmoja sasa tumekuwa tukila pudini ya mbegu za chia iliyotengenezwa kwa tui la nazi au maziwa ya karanga na kutiwa machungwa, machenza au ndimu kulingana na kilichopo sokoni. Watu wawili waliniomba maelezo katika uzi mwingine, nami nimeona heri niyaandike mahali pamoja, makosa yangu yakiwemo.

Kwa asiyeifahamu, chia ni mbegu ndogo nyeusi au nyeupe za mmea wa jamii moja na mrehani na mnanaa, ambao asili yake ni Meksiko na Guatemala, ingawa siku hizi hata wakulima wa Kagera wanaulima. Mbegu ikikutana na maji hujivika ute, na inaweza kubeba maji yenye uzito wa mara kumi ya uzito wake au zaidi. Ute huo ndio unaoigeuza kuwa pudini bila kupikwa. Wageni wengine hukunja uso wanapouona, lakini kwa mtu aliyekulia Dodoma akila ugali wa uwele kwa mlenda sioni jambo la kushangaa hapo. Mlenda uliovutika hadi ukakata nyuzi mbili kati ya tonge na bakuli unakuwa umekwisha kumfundisha kila kitu.

Kuhusu afya, ninachoweza kusema bila kutia chumvi ni kwamba gramu 100 za chia kavu zina takribani gramu 34 za nyuzinyuzi, gramu 17 za protini na zaidi ya miligramu 600 za kalisi, pamoja na mafuta ya omega-3 ya aina inayopatikana kwenye mimea. Hakuna anayekula gramu 100 kwa mlo mmoja. Katika glasi yangu kuna gramu 20 tu, yaani karibu gramu saba za nyuzinyuzi, na hizo zinatosha kunifikisha saa saba mchana bila kumtafuta muuza maandazi.

Sasa vipimo. Kwa glasi nne ninatumia gramu 80 za chia, ambazo ni kama nusu kikombe kikubwa cha chai, na mililita 450 za tui jepesi. Ninakuna nazi moja, naikamua kwa maji ya uvuguvugu mara mbili, nachuja, kisha nalipasha tui motoni huku nikikoroga hadi linaanza kufuka mvuke na kutaka kuchemka, ndipo naliepua. Tui bichi huchacha upesi mno, na hatua hiyo ndogo ndiyo inayoliwezesha kukaa siku kadhaa kwenye jokofu. Naliacha lipoe kabisa. Kisha natia chembe ya chumvi, kijiko kimoja au viwili vya asali, na ganda la chungwa moja na nusu ndimu lililokwaruzwa kwa tundu ndogo za kikwaruzo. Hapo ndipo chia inapoingia, nikiinyunyiza kidogo kidogo kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukikoroga.

Hapo kwenye kukoroga ndipo wengi wanapoharibu, nami nilikuwa miongoni mwao. Mara ya kwanza nilikoroga mara moja, nikafunika, nikalala. Asubuhi nilikuta tui limeelea juu na chini kuna donge moja lililoshikana, ambalo katikati yake mbegu zilikuwa bado kavu. Chia hunywa maji kwa kasi sana katika dakika za mwanzo, na mbegu zilizokaribiana hushikana kabla zile za ndani hazijapata maji. Kwa hiyo koroga, subiri dakika tano, koroga tena ukivunja madonge kwa uma, subiri dakika kumi nyingine, koroga mara ya mwisho, ndipo ugawe kwenye glasi au chupa za jamu zilizooshwa vizuri na kuingiza kwenye jokofu. Saa nne zinatosha, ila usiku kucha ni bora zaidi.

Mtaona sijatia maji ya machungwa. Nimekusudia. Pudini ninayoilaza usiku ni nzito kuliko ninavyoipenda kuila, na asubuhi ndipo ninapokamulia nusu ya chungwa juu ya kila glasi, nikakoroga, ikalegea, kisha nikapanga vipande vya chenza juu. Ganda linalala na chia kwa sababu harufu yake imo kwenye mafuta ya ngozi ya tunda, na mafuta hayo hukolea vizuri ndani ya tui kadiri muda unavyopita. Maji ya tunda yana tabia nyingine. Yakikaa hupoteza uchangamfu wake, na ya baadhi ya machungwa huanza kuwa machungu saa chache baada ya kukamuliwa, kwa kuwa ndani yake hujitengeneza kitu kiitwacho limonini, ambacho ni kichungu. Kitu hicho hicho kimo kwa wingi kwenye mbegu za chungwa. Mimi niliwahi kumenya machungwa matano nikayatupia yote kwenye blenda pamoja na kokwa zake, nikamwaga kwenye pudini ya siku nne, na siku nne hizo familia nzima ilikula kwa adabu bila kusema neno.

Jambo la mwisho kwa leo: msichague machungwa kwa rangi. Yale ya Muheza yanayotufikia huku mara nyingi yana ganda la kijani hata yakiwa yameiva na kujaa maji, kwa kuwa chungwa huhitaji ubaridi ili ngozi yake igeuke rangi. Pima kwa uzito mkononi. Na ukikwaruza ganda, ishia kwenye rangi. Ukifika kwenye weupe umefika kwenye uchungu.

Mchangiaji wa pili, mpishi wa shughuli, Area C

Dada mleta uzi, nakushukuru kwa maelezo yaliyonyooka, ila kuhusu maji ya machungwa naomba tutofautiane. Mimi huandaa glasi thelathini au arobaini kwa ajili ya mikutano inayoanza saa mbili asubuhi, na haiwezekani nikasimama alfajiri kukamua chungwa juu ya kila glasi. Huyatia usiku ule ule, na wateja hawajawahi kulalamika. Tena nimekuwa nikisikia kwamba tunda chachu hukata maziwa. Je, hilo halilihusu tui?

Mleta uzi

Kaka, kwa kazi ya idadi hiyo uko sahihi, na mimi nilikuwa nikizungumzia jiko la watu wawili. Ila anayeyatia usiku ayahesabu maji ya machungwa kama sehemu ya kimiminika chote, asiyaongeze juu ya kipimo. Kwa gramu 80 za chia, kimiminika kwa jumla kisizidi mililita 600, kwa mfano 430 za tui na 170 za maji ya machungwa, la sivyo asubuhi utapata kinywaji na si pudini. Kamua kwa mkono, chuja papo hapo, usiponde mbegu, na iliwe kesho yake badala ya kusubiri siku nne.

Kuhusu kukata: maziwa ya ng'ombe hukatika kwa sababu protini yake iitwayo kaseini hugandana inapokutana na ukali wa ndimu au chungwa, ndiyo maana mtu akijaribu pudini hii kwa maziwa fresh hupata vipande vipande kama vya mtindi ulioharibika. Tui halina kaseini. Linaweza kujitenga kidogo likitiwa ndimu likiwa la moto, lakini likiwa limepoa hutulia, na ute wa chia nao husaidia kulishika.

Kinachowasumbua wengi kwenye tui ni kingine kabisa. Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya takribani nyuzi 24 za Selsiasi, kwa hiyo tui zito likikaa kwenye jokofu hutengeneza tabaka gumu jeupe juu ya glasi, na mtu hudhani limeharibika. Halijaharibika. Mwezi wa saba hapa Dodoma linaganda hata juu ya meza. Tumia tui jepesi, au changanya sehemu moja ya tui la kwanza na sehemu mbili za maji yaliyochemshwa, na hapo utakuwa pia umepunguza mafuta, kwa kuwa tui zito lina mafuta mengi kuliko watu wanavyodhani wanaposema wanakula kwa afya.

Mchangiaji wa tatu, muuguzi mstaafu, Mpwapwa

Wanangu, nimesoma kwa furaha, nami naomba niongeze mambo ambayo mpishi anaweza kuyasahau.

La kwanza, chia isiliwe kavu kwa kijiko kisha mtu akasukumia kwa maji. Mwaka 2014 madaktari nchini Marekani walieleza habari za mtu aliyefanya hivyo, mbegu zikavimbia kwenye koo la chakula hadi likaziba, ikabidi zitolewe hospitalini. Iloweshwe kwanza. Wazee na wenye shida ya kumeza wawe waangalifu zaidi. Na asiyezoea nyuzinyuzi nyingi aanze na nusu glasi kwa wiki ya kwanza huku akinywa maji ya kutosha, maana tumbo lililozoea sembe nyeupe halipendi kushtukizwa.

La pili, balungi. Kuna watu watasoma neno machungwa, wabadilishe kwa balungi kwa kuwa wamesikia linapunguza unene. Balungi huzuia kimeng'enya kinachovunja baadhi ya dawa mwilini, zikiwemo baadhi ya dawa za kushusha lehemu (kolesteroli) na baadhi ya dawa za shinikizo la damu, na hivyo dawa hujikusanya kwenye damu kuliko inavyotakiwa. Chungwa la kawaida na chenza havina shida hiyo. Mwenye dawa za kila siku amuulize mfamasia wake kabla ya kula balungi.

La tatu, mleta uzi amesema mumewe hujaa gesi. Hali hiyo mara nyingi husababishwa na mwili kushindwa kusaga sukari ya maziwa iitwayo laktosi, nayo ni ya kawaida kwa watu wazima wengi, wafugaji wakiwemo. Ndiyo maana mzee atakuambia maziwa mabichi yanamsumbua lakini ya mgando hayamsumbui sana. Vijidudu vya mgando vimekwisha kula sehemu ya sukari hiyo. Mzio wa maziwa ni jambo tofauti, ni wa protini, na mwenye mzio akila hata kijiko anaweza kuvimba midomo au kushindwa kupumua. Kwa huyo wa pili vyombo vya kuandalia navyo vioshwe vizuri, na vivyo hivyo kwa mwenye mzio wa karanga, ambaye maziwa ya karanga kwake ni hatari.

La nne ni fupi: mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali.

Mchangiaji wa nne, mzawa wa Bahi

Naomba niulize kwa niaba yetu tusio na minazi. Nazi huku inasafiri kutoka pwani, na ikifika bei yake inajua kwamba imesafiri. Sisi tuna karanga, ufuta, alizeti na ubuyu. Waingereza walikuja Kongwa mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga, wakaondoka mwaka 1951 mradi ukiwa umekufa, lakini karanga za wakulima wadogo zipo hadi leo. Je, pudini hii haiwezi kuwa ya huku kwetu kabisa?

Mleta uzi

Inaweza, na nyumbani kwangu wiki mbili kati ya nne huwa ya karanga. Kikombe kimoja cha karanga mbichi nakilowesha usiku kucha, namwaga maji yale, namenya maganda kwa kuyasugua, nasaga kwenye blenda na vikombe vitatu vya maji safi, kisha nachuja kwa kitambaa cheupe na kukamua kwa nguvu. Maziwa hayo nayachemsha kwa dakika kumi kwa moto mdogo nikiyakoroga, kwa sababu hushika chini ya sufuria upesi na kwa sababu karanga mbichi zina harufu ya shambani ambayo chungwa haliifichi. Makapi nayatia kwenye mchicha. Ukipenda ladha nzito zaidi zikaange kidogo kabla ya kulowesha.

Lakini karanga zichaguliwe moja moja. Tusisahau kwamba mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu, na ingawa wakati ule ilihusishwa na mahindi, fangasi wanaoitengeneza huipenda karanga vilevile. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotoboka au yenye ukungu itupwe, na karanga zinazouzwa kwa bei ya kutupa zisikushawishi. Mimi niliwahi kununua kilo mbili kwa muuzaji aliyenihakikishia kwamba ni za msimu huo. Nilipozimwaga kwenye ungo nilitupa karibu nusu yake.

Kuhusu ubuyu, umenipa wazo ambalo nilikuwa nalo kichwani bila kulijaribu. Unga wa ubuyu una uchachu wake na vitamini C kwa wingi, na nadhani unaweza kukaa badala ya ndimu miezi ambayo machungwa yanaadimika. Nitajaribu nirudi.

Mchangiaji wa tano, mwanachuo

Samahani wakubwa zangu, mimi ninaishi chumba cha kupanga na sina jokofu. Naweza kuilaza kwenye beseni la maji?

Mleta uzi

Mdogo wangu, kwa pudini ya tui au ya karanga nakushauri usifanye hivyo, hasa kuanzia mwezi wa tisa hadi mvua zinapoanza, maana usiku wa Dodoma unadanganya: ngozi inahisi baridi ya upepo lakini chumba chenye bati bado kina joto la mchana. Chakula cha aina hii kisikae nje ya ubaridi zaidi ya saa mbili. Niliwahi kulala umeme ukiwepo nikaamka umekatika, jokofu limepoteza baridi na glasi zangu nne zina harufu ya uchachu usiotokana na ndimu. Nilizimwaga zote, roho ikiniuma.

Kwako wewe kuna njia nyepesi zaidi. Amka, lowesha vijiko viwili vya chakula vya chia kwenye robo tatu ya kikombe cha maji yaliyochemshwa na kupozwa, koroga mara tatu wakati ukijiandaa, na baada ya nusu saa kamulia chungwa zima na nusu ndimu, uongeze ndizi iliyopondwa ili ipate uzito na utamu. Haitakuwa laini kama ya tui, lakini utaila muda ule ule na hutahitaji jokofu. Ukiwa na karanga zilizosagwa, kijiko kimoja kinatosha kuifanya iwe mlo.

Mchangiaji wa pili, mpishi wa shughuli

Nyongeza ndogo kwa wenye jokofu: kiini cha pudini isiyo na tunda ndani hukaa siku nne hadi tano bila wasiwasi, mradi jokofu liwe na nyuzi nne au chini yake na kijiko kilicholambwa kisirudi kwenye chupa. Ikishatiwa vipande vya tunda hesabu siku moja au mbili tu. Nilipofikiria tena hesabu hiyo, dada, nimekubali kwamba utaratibu wako unanifaa hata mimi. Nitalaza kiini kizito siku mbili kabla ya shughuli na kumpa kijana wangu kazi ya machungwa asubuhi.

Mchangiaji wa sita, mgonjwa wa kisukari

Naomba kuuliza kuhusu sukari. Ninatakiwa kuacha asali?

Mchangiaji wa tatu, muuguzi mstaafu

Asali ni sukari, mwanangu, hata ikiwa ya Itigi na imetoka kwenye mzinga leo. Iache. Iache pia ile nusu chungwa ya kukamua, na badala yake tumia vipande vya chungwa au chenza ule na nyama yake, kwa kuwa tunda zima hupandisha sukari taratibu kuliko maji yake. Ganda lililokwaruzwa lizidishwe, maana lina harufu yote ya chungwa bila sukari ya kuhesabu. Pudini ikiwa nzito mno, ilegeze kwa vijiko viwili vya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Pima sukari yako saa mbili baada ya kula kwa siku chache za mwanzo, ujue mwili wako unavyoipokea, na umweleze daktari wako.

Mleta uzi, siku nne baadaye

Nimerudi kama nilivyoahidi. Nimetengeneza ya karanga na ubuyu mara mbili. Mara ya kwanza nilitia vijiko vitatu vya chakula vya unga wa ubuyu kwenye mililita 450 za maziwa ya karanga pamoja na chia kwa wakati mmoja, na ikawa nzito kama ugali wa jana. Nilisahau kwamba ubuyu nao hunywa maji. Mara ya pili nilitia kijiko kimoja na nusu, nikakoroga hadi ukayeyuka wote, nikachuja nyuzi zake, ndipo nikatia gramu 70 za chia badala ya 80, na ganda la chungwa kama kawaida. Asubuhi nilipanga juu vipande vya chenza na zabibu chache za hapa Dodoma nilizozikata nusu na kuzitoa kokwa.

Mume wangu alimaliza glasi yake akaanza kuiangalia yangu. Ndugu yangu wa Bahi, kesho naileta ya tatu kwa ufuta badala ya karanga, ila ufuta nitaukaanga kwanza, kwa kuwa mbichi nilipouonja ulikuwa na uchungu.